Waliofika Kumzika Cuthbert Lovell

Nilifanya kazi kwenye gazeti la Haxterby Herald miaka thelathini na mmoja, na mtu akiniuliza kazi yenyewe ilikuwa nini, simfichi: nilikuwa nasimama mlangoni mwa kanisa nikiandika majina ya watu. Mengine yote yalikuwa nyongeza tu. Kobe wa Bi Pask aliyepotea wiki tatu akaja kuonekana ndani ya kiatu cha kasisi, mashindano ya wanawake kukimbia na vikaango wakirusha chapati kila Jumanne ya kuikaribisha Kwaresima, boga la Bwana Frisby ambalo ilibidi mlango ung'olewe ili liingie ukumbini, hayo nayo niliyaandika na watu waliyacheka. Lakini gazeti lilipotoka Ijumaa asubuhi hakuna aliyeanza na kobe. Walifungua moja kwa moja ukurasa wa tano, kwenye mazishi.

Wala hawakusoma habari za marehemu. Marehemu walimjua. Walisoma orodha ya waliofika.

Utaratibu ulikuwa huu. Nusu saa kabla ya ibada nilisimama kwenye kibaraza cha kanisa la Mtakatifu Wilfrid, daftari mkononi, na kila aliyeingia alinipa jina lake na kusema amekuja kwa niaba ya nani: kwa niaba ya mke aliye kitandani, kwa niaba ya chama cha wafuga njiwa, kwa niaba ya wapiga kengele. Kwenye gazeti ndugu walitangulia, wa karibu kabla ya wa mbali, halafu majirani, halafu vyama. Mwisho kabisa walikuja wale ambao hawakuweza kufika, na hapo ndipo shangazi mwenye miguu mibovu na kaka aliyehamia Kanada walipopata haki yao. Tulichapisha majina yote, hata yakiwa mia mbili.

Ole wangu nikosee. Bi Blanchard, mke wa muuza nyama, aliwahi kunivamia ofisini na mwavuli kwa sababu nilimweka nyuma ya mke wa muuza makaa.

"Sisi tulimjua marehemu tangu hana meno!" alifoka.

"Alipozaliwa au alipozeeka?" nikamuuliza.

Kaunta nzima iliangua kicheko, lakini wiki iliyofuata nilimwomba radhi kwa maandishi. Ndivyo tulivyoishi. Kulikuwa na mzee mmoja, Ezra Tuplin, ambaye alikuwa anakuja kila mazishi, ananipa jina lake kwa sauti ya kilio, anaingia mlango wa mbele, anatokea mlango wa pembeni, huyo anakwenda zake kwenye mnada wa ng'ombe. Sidhani kama alisikia hata ibada moja mpaka mwisho, isipokuwa ya kwake. Na jina lake halikukosekana hata siku moja. Mkumbukeni huyo Ezra, nitamrudia.

Siku hizi mtu akifariki napata taarifa kwenye simu, na chini yake watu wamebandika vialama vyekundu vya moyo. Hakuna anayejua nani alikuja na nani alibaki nyumbani akitazama televisheni. Mimi bado nikipita kwenye lile kanisa mkono wangu unatafuta kalamu.

Sasa nisimulie habari za Edith Tranter, maana ndiye niliyemkosea.

Edith alikuwa na meza ya vifungo sokoni. Vifungo, uzi, lastiki, zipu, utepe wa nywele, kila Jumatano, mvua inyeshe isinyeshe, mahali palepale karibu na taa ya barabarani. Alikuwa mwanamke mwembamba, mkavu wa maneno, na ukimpelekea kifungo kimoja cha koti la marehemu babu yako alikuwa anazama kwenye makopo yake mpaka akutolee pacha wa kile kifungo. Ng'ambo ya uwanja wa soko, mkabala naye, ndipo palipokuwa na duka la mbegu la Cuthbert Lovell.

Saa tisa alasiri soko lilipofungwa, Cuthbert alikuwa anatoka dukani na aproni yake ya kahawia, anavuka uwanja, anashika ncha mbili za turubai la Edith. Edith alishika ncha mbili za upande wa pili. Walilikung'uta maji, wakalikunja mara moja, wakasogeleana. Wakalikunja tena, wakasogeleana. Mwisho walikuwa wanakutana katikati, na yeye Cuthbert alilipokea turubai lote mikononi. Hapo vidole vyao viligusana. Basi, hayo tu. Edith alimpa kipande cha mkate wa zabibu kavu kilichofungwa kwenye karatasi, Cuthbert akamsukumia mkokoteni mpaka kwake mtaa wa Kanisa Dogo, na huko alikunywa chai mpaka giza lilipoanza. Miaka kumi na tisa, bila kukosa Jumatano. Mji mzima ulijua na mji mzima ulijifanya unaangalia bei ya kabichi.

Kwa nini hawakuoana? Kwa sababu ya Honor. Honor Lovell alikuwa dada yake Cuthbert, nyumba waliachiwa wote wawili na baba yao, na Honor alikuwa amesema mara moja, mezani, siku ya Krismasi: "Siku yule mwanamke wa vifungo anaingia mlango wa mbele, mimi natokea wa nyuma." Akina Lovell walikuwa watu wa duka na wa kanisa kubwa. Edith alikuwa mtu wa meza ya sokoni na wa kanisa dogo la Wamethodisti. Ukiniambia hiyo si sababu, basi hukukulia Haxterby. Na Cuthbert hakuwa mtu wa kugombana. Alikuwa mtu wa kungoja, kama wauza mbegu wote, na alingoja mpaka moyo ukamsimama dukani akipima maharage, mwezi wa Machi mwaka 1963, theluji ya ule msimu mbaya wa baridi ndiyo kwanza inayeyuka.

Mazishi yalikuwa Jumatatu. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na saba, vidole vimekufa ganzi, naandika kwa penseli kwa sababu wino ulikuwa unaganda. Watu walikuja wengi, maana nani Haxterby hakupanda mbegu za Lovell? Edith alikuja kwenye mstari kama wengine, na kofia nyeusi ambayo sikuwahi kuiona.

"Jina?" nikamuuliza. Ndiyo ilikuwa adabu ya kazi. Hata mama yangu mzazi nilimuuliza jina.

"Edith Tranter."

"Kwa niaba ya nani?"

Alirekebisha kofia. Nyuma yake watu walikuwa wanakanyagakanyaga chini kutafuta joto, na mmoja akakohoa kwa makusudi.

"Kwa niaba yangu mwenyewe," alisema. Kisha akaniinamia karibu. "Lakini uniandike, binti. Uniandike vizuri. Miaka yote hii sina kitu hata kimoja cha kuonyesha. Sina pete, sina picha. Nataka nilione limeandikwa kwamba nilikuwepo."

"Nimekuandika, Bi Tranter," nikamwambia, nikamwonyesha daftari. Alilitazama jina lake mpaka mtu wa nyuma yake akauliza kama tumehamia pale. Akaingia, akaketi nyuma ya nguzo. Kwenye chai ya baada ya mazishi, nyumbani kwa akina Lovell, hakualikwa.

Kesho yake Honor alikuja ofisini. Mhariri wetu wakati ule alikuwa Bwana Sproat, mtu mwenye sauti kubwa na uti wa mgongo mdogo. Honor hakuketi.

"Naomba nione orodha ya kaka yangu," alisema.

Hakuna familia iliyowahi kuonyeshwa orodha kabla ya Ijumaa. Sproat akanipokonya daftari, akampa. Honor alivua glavu ya mkono wa kulia, akashuka na kidole jina kwa jina, na kidole kikasimama.

"Huyu atoke."

"Lakini alikuwepo, Bi Lovell," nikasema.

"Hata paka wa kanisa alikuwepo. Naye mmemwandika?"

Sproat alicheka, akaona hakuna mwingine anayecheka, akaacha. Honor alinigeukia mimi. Nilitegemea hasira, lakini macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu yeyote aliyezika.

"Miaka kumi na tisa," alisema, "kila Jumatano nimekula chakula cha jioni peke yangu, sahani yake iko mezani imefunikwa. Mji mzima ukijua aliko. Sasa Ijumaa hii mji usome tena? Hapana. Inatosha."

Akavaa glavu yake, akatoka.

"Lifute, Winifred," Sproat akaniambia.

"Bwana Mhariri, ni orodha ya waliofika. Yeye alifika."

"Ni jina moja kati ya mia moja arobaini na matatu! Nani atahesabu? Lifute, liko kwa penseli."

Na nililifuta. Sitamsingizia Sproat, raba ilikuwa mkononi mwangu mimi. Nililifuta, nikapuliza vumbi lake, nikampelekea Len Gathercole, fundi wetu wa kupanga herufi, majina mia moja arobaini na mawili. Len alitazama ile sehemu iliyofifia kwenye karatasi, akanitazama mimi, akaanza kupanga. Niliona aibu siku ile, na sasa nina miaka themanini na kitu na bado naiona.

Ijumaa ikapita. Nilingoja mlango ufunguliwe, nivamiwe kwa mwavuli, nitukanwe. Ningeshukuru. Hakuja. Ikabidi Jumatano niende mwenyewe sokoni, maneno nimeyapanga kichwani kama mtoto anayekwenda kukariri.

"Unatafuta vifungo gani?" Edith aliniuliza.

"Vyeupe. Vya blauzi."

Alivitoa, akaanza kuvihesabu kwenye kiganja. Alisema bila kuinua uso:

"Nimeisoma mara tatu. Nikadhani ni macho yangu. Nikamwomba jirani anisomee. Ezra Tuplin yumo."

"Yumo."

"Nilimwona kwa macho yangu akitokea mlango wa pembeni kabla hata wimbo wa kwanza haujaisha."

Niliviangalia vifungo kiganjani mwake. Aliacha kuhesabu. Mimi nadhani alinihurumia, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, maana ni yeye aliyenitafutia njia ya kutokea.

"Ilikuwa ni kosa la mashine?" aliuliza.

"Ndiyo," nikasema. "Kosa la mashine. Tutaweka masahihisho."

"Lini?"

"Ijumaa hii."

"Haya. Nitangoja Ijumaa."

Nilimwomba Sproat mistari mitatu tu ya masahihisho. Alisema kama nataka kupigana na Honor Lovell nikapigane nikiwa nimevaa nguo zangu, siyo za gazeti lake. Ijumaa ile haikuwa na masahihisho, wala iliyofuata. Edith hakuuliza tena. Saa tisa ikifika alikuwa anafunga upande mmoja wa turubai kwenye nguzo ya taa kwa kamba, anashika upande wa pili, anakunja peke yake akienda na kurudi. Siku moja nilisogea nikashika ile ncha. "Asante, binti," alisema, "taa inatosha." Nikaiachia.

Kuanzia mwezi ule sikuandika tena kwa penseli. Wino ukiganda niliitia kalamu kwapani.

Miaka ilikwenda, na ilikuwa miaka mizuri, sitasema uongo. Sproat alistaafu, na mwaka 1971 nikawa mhariri mimi. Soko lilikuwa bado linafunguliwa kwa kengele ya saa nne, na aliyeuza hata kitunguu kimoja kabla ya kengele alizomewa mpaka ajute. Ofisi yetu ilinuka wino na makoti mabichi. Watu waliingia kuleta yai lenye viini vitatu, kumshitaki jirani aliyepanda ua refu, kutuonyesha barua kutoka Australia, au kukaa tu karibu na hita. Nilijua nani amegombana na nani kwa kuangalia waliketi upande gani wa kanisa. Kama ningeambiwa nirudishiwe siku moja tu ya maisha yangu, ningechagua Ijumaa yoyote ya miaka ile, saa tatu asubuhi, mlango unagongagonga na Bi Blanchard yuko njiani na mwavuli.

Lakini kila Jumatano nilipita mbali na ile taa. Sasa kalamu ilikuwa yangu, hakuna wa kunikataza, na sikuandika. Kwanza nilimwogopa Honor, aliyekuwa bado mzima na mkali. Halafu nikaogopa zaidi kitu kingine: nikiweka masahihisho itabidi niseme kwamba nilimdanganya. Na aibu ya aina hiyo haipungui kwa kuwekwa. Nilikuwa najiambia mwakani, kumbe mwakani inakuwa ngumu kuliko mwaka huu.

Honor Lovell alifariki Novemba 1988, ana miaka themanini na minne. Nilikuwa na waandishi wawili wa kuwatuma, lakini nilikwenda mwenyewe. Walifika watu wachache, wa rika lake wengi walikuwa wamemtangulia. Nilikuwa nakaribia kufunga daftari nilipoiona ile kofia nyeusi ikipanda ngazi taratibu, na fimbo. Edith alikuwa na miaka sabini na mitatu.

"Jina?" nikauliza.

"Edith Tranter."

"Kwa niaba ya nani?"

Safari hii hakukawia kujibu.

"Kwa niaba ya Bwana Cuthbert Lovell," alisema. "Hakuweza kufika."

Hakutabasamu, nami sikutabasamu. Niliandika kama alivyosema, kwa wino. Alhamisi Len Gathercole, naye amezeeka, alinijia na karatasi.

"Winifred, hii ipite hivi?"

"Ipite."

"Ilivyo?"

"Ilivyo, Len."

"Mungu mkubwa," alisema Len, akaenda kuipanga akipiga mluzi.

Mji uliisoma. Jumatano yake muuza samaki, mtu ambaye hakuwa na adabu kwa yeyote, alivua kofia alipopita mbele ya meza ya vifungo. Mimi nilikwenda nyumbani nikalia. Yule mama alikuja kumzika mwanamke aliyemfungia mlango, na aliyesimama mlangoni kumpokea alikuwa ni mimi, niliyelifuta jina lake.

Miezi michache baadaye Herald ikauzwa. Wanunuzi walikuwa kampuni ya jiji la mbali, na walimtuma kijana mwenye tai nzuri atueleze mambo yatakavyokuwa. Kupanga herufi kutakwisha, Len aende akapumzike. Orodha za mazishi nazo zitakwisha.

"Majina matupu," alisema, akipekua ukurasa wa tano. "Hapa tangazo la mazulia lingekaa vizuri sana. Nani anasoma haya?"

Nilimwambia wanaosoma ni wale waliomo, na wale wasiomo wanasoma mara tatu. Hakunielewa. Niliandika barua ya kuacha kazi jioni ileile, na toleo langu la mwisho likapangwa liwe la Ijumaa ya mwisho ya Aprili, mwaka 1989. Kwenye toleo hilo niliweka masahihisho. Nayakumbuka neno kwa neno:

"Katika orodha ya waliofika kumzika Bwana Cuthbert Lovell, tuliyoichapisha Machi 1963, jina la Bi Edith Tranter halikuwemo. Halikuwa kosa la mashine. Lilifutwa na mwandishi aliyemwona akiingia na aliyejua kwamba alikuwepo. Mwandishi huyo ni mimi, na ninamwomba radhi. W. Askew, Mhariri."

Ijumaa ile nilikuwa nyuma ya kaunta nikifunga vitu vyangu kwenye sanduku. Watu walikuwa wanaingia kuniaga na kulalamika, maana hawakujua kuaga kwa njia nyingine. Binti yake Bi Blanchard, aliyerithi ulimi pamoja na mwavuli, alikuwa anadai keki yake kwenye maonyesho ilishika nafasi ya pili siyo ya tatu. Nyuma yake, kwenye mstari, alikuwa amesimama Edith Tranter. Miaka ishirini na sita hakuwahi kukanyaga ofisi ile.

Zamu yake ilipofika aliweka gazeti kwenye kaunta, limekunjwa vizuri, akaweka kidole juu yake.

"Nina malalamiko," alisema.

Binti Blanchard, aliyekuwa anatoka, akarudi.

"Sema, Bi Tranter."

"Hapa mmekosea."

Nilidhani jina limepotoka, au mwaka, au nimemfedhehesha mbele ya mji kwa kumfukulia mambo yake.

"Nimekosea wapi?"

"Mmeniweka peke yangu huku chini, kati ya tangazo la viazi na saa za mabasi. Mimi nilifika kwenye mazishi, sikufika kituo cha basi."

Mtu mmoja nyuma alicheka puani. Edith hakumjali.

"Na zaidi ya hapo," aliendelea, "orodha yenu ina mpangilio. Au nimesahau mimi?"

"Ina mpangilio."

"Basi mnasema jina langu halikuwemo, halafu hamsemi lilitakiwa kuwa wapi. Mtu atajuaje? Atadhani nilikuwa huko mwisho na wafuga njiwa."

"Lilitakiwa kuwa wapi, Bi Tranter?"

"Chini ya Honor," alisema papo hapo. "Honor ni dada yake, simtoi mahali pake. Lakini juu ya binamu. Wale binamu walikuwa wanakuja mara mbili kwa mwaka, tena kula."

"Kweli kabisa!" alisema binti Blanchard, kwa sauti. "Binamu gani wale!"

Na hapo ndipo nilipoelewa. Kwa miaka yote ile nilikuwa nangoja anitukane au anisamehe, kumbe hakutaka lolote kati ya hayo. Alitaka kugombea nafasi yake kwenye kaunta kama mwanamke mwingine yeyote wa Haxterby aliyempoteza mtu wake. Machozi yalinitoka mbele za watu, na sikujali.

"Len!" niliita. "Niletee jalada la mwaka sitini na tatu!"

Len alilileta kifuani kama mtu aliyebeba jiwe la kaburi, kitabu kikubwa chenye magazeti yote ya mwaka ule yaliyoshonwa pamoja. Tukalifungua kwenye kaunta. Machi, ukurasa wa tano. Karatasi ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Nilimgeuzia Edith, nikampa kalamu yangu ya wino.

Aliitazama. "Niandike mimi? Kwenye gazeti?"

"Andika mahali pako."

Alivua glavu. Kwa sababu ya nafasi finyu ilibidi aandike herufi ndogo mno, na aliziandika moja moja, polepole, watu wote wamemkodolea macho na hakuna aliyemharakisha, hata yule aliyekuwa anawahi basi. Alipomaliza alipuliza wino ukauke. Kisha akashusha kidole kutoka juu kabisa, kama alivyofanya Honor, akakifikisha kwenye jina lake, akakiacha pale.

"Sasa sawa," alisema. Alivaa glavu, akachukua fimbo, akaelekea mlangoni. Akiwa amekwisha shika kitasa akageuka.

"Winifred. Sasa huna kazi, siyo?"

"Sina."

"Jumatano uje saa tisa. Mgongo unanisumbua, na hiyo taa haikunji vizuri."

Nilikwenda. Nilikwenda kila Jumatano miaka mitano, mpaka alipouza meza, na baada ya hapo nilikwenda kwake kunywa chai mpaka alipofariki. Kwenye ofisi ya Herald sasa wanauza makava ya simu. Gazeti lenyewe linatengenezwa mji mwingine na watu wasiotujua, na wiki iliyopita waliandika kwamba soko letu ni la Alhamisi. Lakini yale majalada yako maktaba, ghorofa ya pili, na ukiomba la 1963 wanakupa. Edith yumo, kati ya Honor na binamu, na wino haujapauka.

Mara ya kwanza nilipokwenda kukunja, mikono yangu haikujua la kufanya. Alinielekeza kwa kichwa tu: shika ncha mbili, kung'uta, kunja. Nikamsogelea. Tukakunja tena, nikamsogelea. Tulipokutana katikati alinikabidhi turubai lote mikononi, akafungua mfuko wake, akanipa kipande cha mkate wa zabibu kavu kilichofungwa kwenye karatasi.